Mwano Niliopiga kwa Ajili ya Waholanzi

Huuuiii! Huuuiii! Huuuiii!

Bado inanilia masikioni. Jua linazama, mbuzi wameshafungwa, na mimi bado naisikia inavyotoka kwenye lile bakuli la bati juu ya gari, inavuka mashamba ya pamba, inagonga kilima, inarudi. Sauti hiyo ni yangu.

Holo na Felista, wenzangu wa dawati moja, leo nimeadhirika. Wala si kuadhirika kwa kuteleza na ndoo kisimani (huko nimeshazoea). Nimeadhirika kwa kipaza sauti.

Nawaandikia upesi kabla hamjasikia kwa wengine. Mtasikia tu. Kesho habari itakuwa imefika Tinde, na ikifika huko itakuwa imeota mkia.

Mnaijua kazi yangu ya Jumamosi. Lori la dukani huleta gazeti, limechelewa wiki tatu na linanuka sabuni, nami hukaa kwenye baraza la fundi cherehani nikawasomea watu. Nasoma kwa Kiswahili, halafu naeleza kwa Kisukuma. Hakuna anayenilipa. Nafanya kwa mapenzi, na kwa sababu wazee wakinisikiliza huacha kutafuna ugoro. Mimi na darasa langu la nne, natangaza habari za dunia!

Na ndoto yangu mnaijua. Mlinicheka sana siku ile mliponikuta nimeingiza kichwa kwenye mtungi wa mama wa pombe, nasema, “Wasikilizaji, hizi ni habari za leo.” Sauti ikiingia mtungini inanenepa. Inakuwa ya redio kabisa. Nilishasikia redio mara mbili, kwenye duka la Mhindi kule Geita, na tangu hapo sijapona.

Basi. Jumanne gari la habari lilipita hapa kwetu. Gari la kijani, limefungwa spika juu ya paa kama bakuli la kulishia bata. Ndani alikuwamo Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya, Mzungu mrefu mwenye magoti mekundu, na karani wake Bwana Salehe, mtu wa pwani, mpole, Kiswahili chake kama ameking'arisha kwa majivu. Bwana Salehe akatangaza kwamba wanatafuta kijana mmoja wa huku, anayesoma Kiswahili na kueleza Kisukuma, azunguke na gari miezi mitatu: Geita, Kahama, Shinyanga. Akifanya vizuri, jina lake litapelekwa Dar es Salaam, kwenye redio.

Kwenye redio, Holo!

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikampigia baba magoti.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Unataka nini?”

“Nimekusalimu tu.”

“Ukipiga magoti yote mawili, una shida.”

Nikamweleza. Baba akaangalia ng'ombe wake. Mnajua mguu wake, ule uliovunjwa na dume mwaka wa njaa. Akaunyoosha, akaukunja. Mwisho akasema, “Nenda. Ila usiniaibishe mbele ya watu.”

(Andikeni maneno hayo mahali. Tutayarudia.)

Leo ndiyo ilikuwa siku ya majaribio. Tulikuwa wawili tu, mimi na Masanja, mtoto wa katekista. Masanja ana darasa la sita na kaptula iliyopigwa pasi hata mfukoni. Walimsimamisha kwanza. Akashika kipaza sauti kama ameshika nyoka, akasoma habari zote kutoka juu hadi chini bila kupumua, kama mtu anayehesabu magunia kabla mvua haijanyesha. Korea, magunia. Malkia, magunia. Alipomaliza, nusu ya watu walikuwa wameelekea kwenye kilabu cha pombe, na bibi mmoja akauliza, “Ameanza?”

Moyo ukanidunda kwa furaha. (Mungu anisamehe. Masanja si mtu mbaya.)

Zamu yangu. Bwana Salehe akanipa karatasi iliyopigwa chapa. “Soma hizi za wiki, bi mdogo. Usiogope. Sema karibu na hiki chuma, kitabeba kilichobaki.”

Nikaitazama karatasi. Habari tano. Ya sita ilikuwa imefutwa kwa wino mwekundu, lakini wino haukukolea na jicho langu lina umbea: ilianza na neno “Kenya.” Nikamtazama Bwana Shauri. Alikuwa amekaa ndani ya gari, mlango wazi, anapangusa shingo kwa leso. Nikaona vyema nisiisome.

Nikapanda juu ya kibao cha kukanyagia mlangoni, watu wanione. Nikavuta pumzi.

“Wasikilizaji!”

Mama yangu! Ile sauti! Mtungi ni kitu gani tena? Sauti ilitoka juu ya kichwa changu kama ya mtu mwingine, mkubwa, aliyeshiba. Waliokuwa wanaelekea kilabuni wakageuka. Kunguru wakaruka kwenye bati la ghala la pamba.

Nikaanza na Korea. Nikasema vita bado vinaendelea, huku wakubwa wakizungumza mapatano, na nikaeleza kwa Kisukuma: madume mawili yamefungana pembe, wenye ng'ombe wamekaa pembeni wanabishana nani aanze kuvuta mkia wa dume lake. Wakacheka. Mzee mmoja akasema, “Hapo kweli.”

Nikaenda kwa Malkia. Nikasema Waingereza wana malkia mpya, kijana, atasimikwa mwaka huu, na mafundi wameanza kumshonea vazi.

“Mtemi mwanamke?” akauliza mwanangwa. Mwanangwa ni mkuu wa kijiji chetu, mzee mwembamba, mkali kama pilipili ndogo. Alikuwa amekaa mbele kwenye kigoda chake.

“Ndiyo, mwanangwa.”

“Hata sisi tuliwahi kuwa nao. Mume wake anafanya kazi gani?”

“Karatasi haijasema.”

“Hiyo si habari, basi. Hayo ni majina tu.”

Watu hoi! Nikatupa jicho kwa Bwana Salehe. Alikuwa anatabasamu na anaandika. Nikaeleza ndege mpya isiyo na mapanga, inayotoka Ulaya asubuhi na kuonana na Afrika kabla chakula cha jana hakijachacha. Wakakataa kuamini, lakini wakakataa kwa furaha. Bwana Shauri akamwuliza karani kitu kwa Kiingereza, karani akajibu, Mzungu akatikisa kichwa juu chini. Juu chini, wenzangu! Nikaiona Dar es Salaam. Nikajiona nimevaa viatu.

Hapo ningesema, “Mwisho wa habari,” leo ningekuwa naandika barua nyingine.

Lakini nilikuwa na habari ya nne. Uholanzi.

Ilisema hivi: nchi ya Waholanzi iko chini kuliko bahari, nao wameizuia bahari kwa kuta za udongo. Mwezi uliopita ikaja dhoruba, kuta zikapasuka, bahari ikaingia vijijini watu wakiwa wamelala. Ng'ombe wakafa maji wamefungwa zizini. Watu wakapanda juu ya mapaa na watoto, kwenye baridi. Makanisa yakapiga kengele za hatari.

Mnanijua. Mimi nililia siku ile mwalimu aliposoma habari ya punda. Nilipofika kwenye ng'ombe waliofungwa zizini, nikaishusha karatasi. Nikanyanyua macho nikawaona watu, nikaona hawajaelewa. Bahari? Hapa nani ameiona bahari? Kengele? Kengele kwetu ni ya misa na ya shule. Ikilia, watoto wanakimbia upande wa pili. Nikawaza: nitawafanyaje wahisi? Sisi tunapoingiliwa, tunaitana kwa nini?

Nikasema kwa Kisukuma, kwa uchungu wote, “Wakapiga mwano. Mama mmoja juu ya paa, mtoto mgongoni, maji kifuani, akapiga mwano hivi...”

Nikaweka kiganja mdomoni. Nikapiga.

Huuuiii! Huuuiii! Huuuiii!

Holo, wewe ni mtu wa huku, umeshaweka mkono kichwani. Felista, kwa kuwa wewe ulikulia misheni Bukoba, nikueleze. Mwano ni yowe la hatari. Mwizi wa ng'ombe, simba, moto. Akipiga mmoja, kila anayesikia anaupokea, anaupiga tena, anachukua silaha na kukimbia kule ulikoanzia. Anayekaa nyumbani ana kosa. Ndiyo maana hakuna anayeupiga kwa mchezo. Hata hadithini, bibi akifika mahali hapo husema, “akapiga mwano,” basi, anaendelea. Hauigizwi. Ukitoka mdomoni umetoka.

Mimi sikuupiga kwa mdomo tu. Niliupiga kwa mashine ya Serikali.

Waliokaa mbele walikuwa wameshasimama nusu, kama kuku. Walijua naigiza, walinisikia nikieleza, lakini miguu yao haikujua. Mwanangwa alikuwa ameshika fimbo yake katikati, kwa kupigania. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile.

“Wande,” akasema taratibu, “umefanya nini?”

Kabla sijajibu, kutoka mashambani upande wa mto: huuuiii!

Kisha kilimani: huuuiii!

Kisha nyuma ya kilima, kule ambako mimi mwenyewe sijafika, nyembamba kama uzi: huuui...

Baridi ikanishika kwenye mgongo, na jua la saa nane juu. Nikakimbilia kipaza sauti.

“Rudini!” nikapiga kelele. “Jamani, rudini! Si kweli! Rudini!”

(Akili yangu hiyo. Mtu yuko shambani, mbali, upepo unavuma. Anachosikia ni mwanamke anayepiga kelele kwa sauti ambayo hakuna koo la binadamu lililo nayo. Atarudi au atakimbia zaidi?)

Wakakimbia zaidi. Nikaona vumbi kwanza. Halafu ncha za mikuki juu ya pamba, zinakuja zenyewe, watu hawaonekani. Hakuna mwano wa pili wa kufuta wa kwanza, wenzangu. Mababu hawakuuweka. Nadhani hawakufikiri atazaliwa mtu kama mimi.

“Bi mdogo,” Bwana Salehe akaninong'oneza, Kiswahili chake cha pwani kimepauka ghafla, “hawa wanakuja kufanya nini?”

“Kusaidia,” nikasema.

“Kumsaidia nani?”



Ndani ya gari Bwana Shauri alikuwa amefunga mlango. Leso ameikunja mkononi. Alitazama kulia, mikuki. Kushoto, mikuki. Nikakumbuka ule mstari wa Kenya wenye wino mwekundu, kule ambako Wazungu wanavamiwa usiku, na sikuhitaji kuambiwa anawaza nini. Akasema neno moja. Bwana Salehe akarukia usukani, akawasha. Gari likakohoa, likawaka.

Lakini halikwenda. Wa kwanza walikuwa wameshafika, na mnajua utaratibu wa mwano: wanaofika wanazunguka mahali sauti ilipotoka, ili mwizi asipenye. Mahali sauti ilipotoka palikuwa juu ya paa la gari.

Wakalizunguka gari.

Mtu anayekimbilia mwano hasemi, anahema. Walikuwa wengi, Holo, kifua wazi, jasho, mishale imeshawekwa kwenye upinde. Wengine siwajui, wa vijiji vya mbali. Kijana mmoja mwenye kovu shavuni akamtazama Mzungu kupitia kioo, akanitazama mimi, akanyoosha mkuki mpaka ncha ikagusa mlango. Tik.

“Ni huyu?” akauliza.

Alikuwa ananiuliza mimi. Mimi ndiye niliyelia, mimi ndiye wa kuonyesha mwizi. Mzungu alikuwa ananiangalia kutoka ndani, rangi imemtoka, na macho yake yalikuwa ya mtu tu. Sijui nieleze vipi. Kama ya ndama. Nilijua nikisita, au nikilia, au nikizimia (nilikuwa nataka sana kuzimia), mtu atakufa hapa kwa ajili ya usomaji wangu.

“Hapana!” nikasema. “Hajafanya kitu! Shusha mkuki, kaka, nakuomba.”

Hapo ndipo kelele nyingine ikatokea barabarani. Wanawake wa kambi ya mgodi! Mgodi uko ng'ambo ya kilima, na wale ni watu wa kila mahali, Wabena, Wahehe, Wanyakyusa, mwano hawaujui. Walichokijua ni kwamba sauti kubwa imelia na watu wote wanakimbia. Kwao hiyo ina maana moja tu: shimo limeanguka. Mbele alikuwa Mama Yohana, jirani wa shangazi yangu, mume wake yuko chini ya ardhi zamu ya mchana. Amefungua kanga kichwani, hana viatu, unga mikononi mpaka kwenye viwiko.

“Wangapi?” alikuwa anauliza kila mtu. “Wangapi wamo ndani? Niambieni jina! Jina tu!”

Hapo, wenzangu, nikaacha kuogopa mikuki. Nikaona aibu mpaka kwenye mifupa.

Mwanangwa akapita katikati ya duara, akaja mpaka mbele ya gari. Akanyoosha fimbo, watu kimya. Hata Mama Yohana akanyamaza, mkono mdomoni. Kwa kuwa mila ni mila, ilibidi aulize kama inavyoulizwa, ingawa yeye alijua. Na mimi ilibidi nijibu, wote wasikie. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu na kilikuwa bado kinafanya kazi.

“Nani amepiga mwano?”

“Mimi.” (Bakuli juu likarudia kwa nchi nzima: MIMI.)

“Ni mwizi?”

“Hapana, mwanangwa.”

“Simba?”

“Hapana.”

“Shimo la mgodi?”

“Hapana! Mama Yohana, hapana, mgodi mzima!”

“Moto?”

“Hapana. Ni... maji.”

Watu wote wakageuka kutazama mto. Mto wetu mnaujua. Mvua zimekatika tangu mwezi uliopita. Katikati ya mto alikuwa amelala mbuzi.

“Maji gani?”

“Ya bahari.”

“Bahari ipi?”

“Ya Uholanzi, mwanangwa.”

“Iko wapi hiyo?”

Nikameza mate. Yakasikika kwenye spika, gulp, mpaka kilimani.

“Ulaya.”

Mwanangwa akafikiri. “Na yanakuja huku?”

“Hapana.”

“Yameingia leo?”

“Hapana, mwanangwa.” Sauti yangu ilikuwa imebaki ya sisimizi, lakini kile chuma hakina huruma, kiliibeba ilivyo. “Mwezi uliopita.”

Ningependa kuwaambia kwamba watu walikasirika. Hasira ingenisaidia. Mishale ikatoka kwenye upinde, mmoja mmoja. Yule mwenye kovu akautazama mkuki wake, akautazama mlango wa gari, akapangusa kwa kiganja pale alipogusa, kama anafuta tope.

Kisha mtu mmoja nyuma akauliza kwa adabu kabisa, “Kwa hiyo tumechelewa?”

Kicheko kilichofuata sitakisahau mpaka kaburini. Wanaume wazima walikaa chini. Waliegemea mikuki. Mzee mmoja alikuwa amekuja na jembe tu, maana hana mkuki, akalitupa akashika mbavu. “Ulaya!” “Mwezi uliopita!” “Nimemwacha ng'ombe anazaa!” Masanja, na kaptula yake, alicheka mpaka akainama nyuma ya ghala. Mimi nimesimama pale juu, nimeshika chuma, kila mtu ananiona. Si ndivyo nilivyotaka, watu wanione?

Mama Yohana hakucheka. Alikaa chini barabarani akalia, kile kilio cha mtu aliyerudishiwa kitu. Nikashuka, nikapiga magoti mbele yake, nikasema, “Nisamehe, dada,” nami nikalia. Akanipiga kofi la bega, si dogo. Halafu akanishika mkono kwa unga wake, akauliza, “Sasa hao watu wa juu ya mapaa. Walitolewa?”

“Sijui. Sikufika mwisho wa habari.”

Hapo nikamwona baba.

Alikuwa anakuja peke yake, wa mwisho, watu wakimpisha. Upinde mkononi, mishale miwili. Ule mguu anauburuta, na amekimbia nao kutoka malishoni, jasho linamtoka kwenye ndevu. Wengine walikuwa wameanza kumcheka, “Mzee, rudi, vita viko Ulaya!” Hakuwatazama. Alikuja mpaka kwangu, akanishika kichwa, akanigeuza huku na huku kama anayekagua ndama aliyetoka miibani.

“Umeumia wapi?”

“Sijaumia, baba. Nilikuwa nasoma habari.”

“Nilijua ni sauti yako,” akasema. “Wao walisikia mwano. Mimi nilisikia wewe.”

Hakusema, “Nilikuambia usiniaibishe.” Ndiyo maana ninaandika maneno haya huku karatasi inalowa. (Ni jasho. Joto huku.)

Hukumu ikatolewa pale pale. Mwano wa uongo una adhabu, kila mtu anaijua, na vijana wa mbali walikuwa wameanza kudai dume lichinjwe. Mwanangwa akawanyamazisha.

“Huu si wa uongo,” akasema. “Watu waliingiliwa kweli, wakalia kweli. Huyu mtoto aliupokea akaupitisha. Makosa yake ni kwamba hakutuambia ni mbali.” Akakohoa. Nadhani alikuwa anazuia kicheko, lakini kwa mwanangwa huwezi kuwa na hakika. “Kwa mila, anayesikia na asiende ana kosa. Sisi tumekuja. Siku Waholanzi wakiuliza, waambiwe Wasukuma walifika. Wande atawapa watu maji. Wote.”

Wote! Nimeteka maji tangu saa tisa. Kisima, ndoo, kata, kisima. Kila anayekunywa ana neno. “Haya ndiyo yale ya Uholanzi?” “Yana chumvi kidogo.” “Polepole, usije ukazamisha nchi.” Mabega hayapo tena. Yaliyobaki ni maumivu yaliyovaa nguo yangu.

Gari liliondoka nikiwa na ndoo kichwani. Bwana Shauri alisimama kwanza mbele ya mwanangwa, wakapeana mikono. Bwana Salehe akanifuata kando ya njia.

“Bi mdogo, kazi amepewa Masanja.”

“Ndiyo, bwana.”

“Bwana amesema sauti yako inafika.” Akavua kofia, akaivaa tena. “Tatizo ndilo hilo. Inafika.” Akanipa ile karatasi ya habari. “Kaa nayo. Sisi tunayo nakala.” Akaingia ndani, gari likaenda na spika yake, na Masanja amekaa nyuma, amenyooka, hajui aangalie wapi. Alinipungia mkono. Nikampungia. Maji yakanimwagikia.

Basi ndiyo hivyo. Wazee wameshatuma ujumbe kwamba Jumamosi ijayo nisome kama kawaida kwenye baraza la fundi, ila mwanangwa atakaa karibu nami na fimbo yake. Nilichojifunza: habari za dunia zisomwe kwa upole, maana dunia iko karibu kuliko inavyodhaniwa. Nanyi msicheke. Kama lazima mcheke, chekeni mkiwa ndani.

Nilitaka kuifunga barua hapo. Lakini sasa hivi, kabla sijaikunja, nimeifungua ile karatasi ya Bwana Salehe. Habari ya nne ina mistari miwili zaidi, ile ambayo sikuifikia.

Mama yuko kwa dada yake. Baba yuko zizini, anaongea na ng'ombe wake, hanioni. Nimeingia jikoni peke yangu, nimepiga magoti, nikaingiza kichwa kwenye mtungi wa pombe, mtupu, unaonuka mtama. Nikasoma polepole, kwa ile sauti iliyonenepa:

“Majirani wa nchi za kando walikuja kwa mashua, na mablanketi, na mikate. Watu wengi waliokuwa juu ya mapaa wameshushwa salama.”

Nikasema, “Waliitika. Mwisho wa habari.”

Kisha nikatoa kichwa, nikachukua ungo, nikaufunika mtungi upesi sauti isitoke, na nikaukalia.